Mkoba wangu wa lubugo, karibu mwaka mmoja wa kuubeba: maoni yangu

Watu wananisimamisha sana kuniuliza huu mkoba nimeutoa wapi, kwenye teksi, benki, hadi kanisani, basi acha niandike yote mara moja, mazuri na yale yaliyonikera, maana nimeona watu wakisifia tu vitu vya akina mama wajasiriamali kwa sababu ni vya akina mama, na mimi naona huko siyo kuwasaidia.

Niliununua kwa dada mmoja hapa Kampala, upande wa Nsambya, ana chumba kimoja juu ya maduka na wanawake watatu wanaoshona. Bei shilingi 150,000. Ndiyo najua, soko la Owino unapata mkoba wa mitumba kwa 15,000 na mwingine mzuri kabisa, nimewahi kununua huko na nitanunua tena. Lakini ngoja nieleze.

Mkoba wenyewe kwa nje ni lubugo, yaani gome la mti wa mutuba linalogongwagongwa mpaka linakuwa kitambaa, chini umewekwa ngozi ya mbuzi ili usichakae ukiuweka sakafuni, na bitana ya ndani ni suruali kuukuu za jinzi ambazo dada anazinunua Owino na kuzikata, hadi mfuko wa nyuma wa suruali ameuacha vilevile ndani mle, mimi ndipo naweka simu. Laptop ndogo inaingia, chupa ya maji inaingia, na mkanda haukati bega hata ukijaza.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote kipo upande wa nyuma na wengi hawakioni. Lubugo hutoka mtini na matundu, pale palipokuwa na tawi au kovu, na wazee wa kazi hii tangu zamani huziba tundu kwa kushonea kiraka cha lubugo hiyohiyo kwa uzi wa rafia. Fundi mwingine angelikata lile pande akalitupa, au angelificha kwa ndani. Huyu dada alikiweka kiraka nje, katikati kabisa, mishono midogo ya kulala upande imezunguka kama duara la kidole gumba hivi, imebana, haijaachia hata mmoja mpaka leo. Nilipomuuliza akaniambia, "Dada, huyo mzee aliyeziba hapo amefanya kazi nzuri kuliko mimi, kwa nini nimfiche?" Tunaongea Kiswahili mimi na yeye kwa sababu amekulia baraksi za polisi palepale Nsambya na mimi kazini kwetu madereva wote wa mizigo ya Mombasa ni Kiswahili kutwa.

Sasa kuchelewa. Niliagiza mwisho wa Januari, nikatuma nusu ya pesa kwa simu, nikaahidiwa wiki mbili. Wiki mbili zikapita, kimya. Nikimwandikia WhatsApp ananijibu "kesho nyabo", yaani kesho mama, kesho haifiki. Nilikasirika kwa kweli. Nikaamua kwenda mwenyewe na ndipo nikaelewa shida ni nini, lubugo nzuri ilikuwa imeisha na fundi wake wa upande wa Masaka anasubiri mvua, kwa sababu gome la mutuba huchunwa wakati wa mvua, kiangazi halitoki vizuri. Hilo nalijua, mume wangu ni wa Bukomansimbi na kule nimeona wakilichuna, wanalivua gome lote kwenye shina halafu wanalifunga shina kwa majani ya mgomba ili lisikauke, mti unaota gome jipya na mwakani unachunwa tena, miaka na miaka, hakuna anayeukata. Halafu ndani ya banda wanagonga kwa nyundo za mti zenye mifereji, wanaanza na ya mifereji mipana wanamalizia na ile nyembamba, mkono unauma ukiangalia tu. Kwa hiyo sababu ya kuchelewa ilikuwa ya haki. Ila mteja aambiwe! Angesema tangu mwanzo "dada Januari hakuna, subiri mvua" ningesubiri bila neno. Hilo nilimwambia usoni na alilipokea.

Mkoba ukaja Aprili, katikati ya mvua, na mvua ndiyo udhaifu wake mkubwa. Manyunyu hayana neno, unapangusa. Ila siku moja nilinyeshewa juu ya boda kutoka Wandegeya na pale maji yalipozama lubugo ililegea ikafanya mikunjo, ilipokauka ikabaki na alama ambayo bado ipo ukiangalia kwa karibu. Dada alinishauri niuanike kivulini, nisiuweke juani wala karibu na sigiri, nikafanya hivyo na umbo likarudi, alama haikutoka. Kama wewe ni mtu wa boda kila siku na huna pa kujificha mvua, mwambie akuwekee ngozi sehemu kubwa zaidi, anafanya, anaongeza bei kidogo.

Zipu nayo iligoma kama mwezi wa tano hivi wa kuutumia. Nilipeleka, akaibadilisha nikiwa nimekaa hapohapo, hakunidai hata mia. Hapo ndipo 150,000 inapoanza kuwa na maana kwangu. Mkoba wa dukani zipu ikifa umekufa wote.

Halafu nilimuuliza pesa yangu inaenda wapi, nikidhani atanikwepa, akanieleza bila kufungua daftari. Aliyeshona wangu alilipwa 45,000 kwa huo mkoba mmoja, na jina lake limeandikwa kwa kalamu ndani ya bitana, nililiona. Lubugo na ngozi vinakula pesa, zipu na vishikizo ananunua kwenye maduka ya Kikuubo, na zile shanga za karatasi za kwenye mkanda ananunua kwa mama mmoja wa mtaa wa Acholi Quarter kule Banda, hapahapa Kampala. Wasiopajua, pale ni watu wengi waliokimbia vita vya kaskazini, akina mama walikuwa wakipasua mawe kwenye machimbo, na baadaye kazi ya kuviringisha karatasi za magazeti kuwa shanga ikashika, mashirika kama BeadforLife yaliyoanza mwaka 2004 yakazipeleka Marekani. Dada ananiambia kosa lilikuwa kuuza hadithi badala ya kuuza shanga. Mgeni ananunua mkufu mmoja kwa huruma, hauvai, harudi tena. Yeye anataka mteja wa Kampala anayerudi kwa sababu kitu ni kizuri, na mama wa Banda anamlipa siku anapochukua shanga, siyo siku mkoba utakaponunuliwa. Mimi hapo nilimheshimu sana.

Niseme na la mama mkwe. Kwa Baganda wa rika lake lubugo kwanza ni nguo ya mazishi, maiti huvishwa humo, na ni nguo ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na ya makaburi ya wafalme kule Kasubi. Unesco iliutangaza ufundi huu mwaka 2005 na mwaka 2008 ukaingizwa kwenye orodha ya urithi wa binadamu, lakini hilo halikumtuliza mama, alipouona mezani aliniuliza nimefiwa na nani. Na walokole wengine wanaona ni vitu vya mashetani, kuna mmoja ofisini alikataa kuushika. Nilimwonyesha mama kile kiraka, akakipapasa muda mrefu, akasema baba yake alikuwa akishona hivyo hivyo. Hajaupenda mpaka leo ila haniulizi tena. Kwa hiyo kama unanunulia mtu mzima zawadi, uliza kwanza.

Agosti 2023 Rais alipotangaza kupiga marufuku mitumba, nilimuuliza dada kama amefurahi, akasema bitana zake atazitoa wapi. Sikubaliani na wanaosema funga Owino ndipo mafundi wa hapa wapone. Mitumba inavisha watu, na mafundi wengi wa Kampala wanaishi kwa kuipunguza na kuigeuza. Kinachowaumiza hawa wanawake wadogo ni mtaji na kutojulikana. Wapo wabunifu wakubwa wa mitindo, José Hendo aliyezaliwa hapa Uganda anapeleka lubugo kwenye majukwaa London, Gloria Wavamunno alianzisha maonyesho ya mitindo ya Kampala Fashion Week mwaka 2014, na ni jambo zuri, lakini huyu wa Nsambya hata picha ya mkoba akiipandisha anaandika "bei inboksi". Dada zangu wote mnaofanya hii biashara, wekeni bei! Mtu akiona inboksi anadhani anakadiriwa kwa sura yake, anapita zake. Nimemwambia, sasa anaandika.

Ukitaka kuagiza, lipa nusu tu, usilipe yote, mwambie size ya kitu kikubwa unachobeba, na uagize mvua zikiwa zimeshaanza. Mwezi wa kumi na mbili usijaribu, kila mtu anataka zawadi na mikono ni mitatu tu. Mimi nimeagiza mwingine mdogo kwa ajili ya mdogo wangu anayemaliza Makerere, na safari hii nimedai zipu ya chuma.