Kava zilipogoma: uzoefu wangu na Mp3tag

Mama hachagui wimbo kwa kusoma jina. Kusoma anajua, amefundisha shule ya msingi hadi akastaafu, lakini herufi za kile kicheza muziki chake ni kama sisimizi, na miwani yake haikai mahali pamoja. Kwa hiyo anachagua kwa kava, ile picha ya albamu. Anabonyeza, anabonyeza, akiiona picha anayoitaka anatulia.

Mwezi uliopita nikambadilishia kadi ya memori, nikamwekea ya GB 32 yenye nyimbo 412: taarabu, dansi la zamani, rumba ya Zaire na kaswida zake. Nikajiona nimefanya la maana. Hata chai sijamaliza, akaniita kutoka barazani: "Mwanangu, hawa mbona wote umewavalisha sare?"

Nikachungulia. Kweli, karibu nusu ya nyimbo zilikuwa na kile kialama cha kijivu ambacho kifaa hujiwekea kisipoona picha. Ajabu ni kwamba kadi ileile nikiichomeka kwenye laptopu, kava zinaonekana. Kwenye simu pia zinaonekana. Kinachogoma ni kile kidude cha Mama tu.

Nikaanza kwa kupoteza hela. Kijana wa duka moja akaapa kwamba kadi ni feki, nikanunua nyingine, mambo yakawa yaleyale. Mwingine akashauri nifute kila kitu nianze upya. Nikafuta, nikahamisha nyimbo usiku kucha, asubuhi sare zikawa palepale. Ndipo nikaisaka Mp3tag, programu ya Windows ya kurekebisha majina na kava zilizofichwa ndani ya faili za nyimbo, niliyoisikia zamani nikaipuuza. Ni ya bure, imetengenezwa na Mjerumani Florian Heidenreich, na asiyetaka kuchangia halazimishwi. Toleo la Mac linauzwa.

Sura yake haina mapambo, ni kama daftari la mahudhurio. Unaburuta folda ya nyimbo unaitupia ndani, kila faili inapata mstari wake, na upande wa kushoto kuna visanduku vya jina la wimbo, mwimbaji, albamu, mwaka. Chini kabisa kuna picha ya kava. Chini ya picha hiyo kuna maandishi madogo ambayo ndiyo yaliyoniokoa: aina ya picha, upana na urefu wake kwa pikseli, na uzito wake.

Nikaziweka nyimbo mbili pamoja, moja ambayo Mama anaiona kava yake na moja asiyoiona. Ya kwanza: JPEG, 500 kwa 500, KB 48. Ya pili: JPEG, 1400 kwa 1400, KB 410. Nikasema nimempata mwizi, ni ukubwa. Nikaipunguza ile ya pili kwa programu moja ya simu hadi 500 kwa 500, nikairudisha kwenye wimbo, nikachomeka kadi. Sare.

Hapo nilitaka kukitupa kile kidude dirishani. Kesho yake, bila hata matumaini, nikaifungua picha ileile kwa Paint ya kwenye Windows, sikubadilisha kitu, nikaihifadhi upya kama JPEG na kuirudisha. Kava ikatokea!

Kumbe JPEG ziko za namna mbili. Ya kawaida husomwa kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, kama mtu anayeteremsha pazia. Ya pili ilipendwa enzi za intaneti ya kusuasua: picha nzima inatokea mara moja ikiwa na ukungu, kisha inasafika kidogo kidogo. Hiyo ya pili inataka kifaa kiishike picha nzima kwenye memori huku kikiisafisha awamu kwa awamu. Simu na laptopu hazioni tabu. Kicheza muziki kidogo chenye memori ya kubanabana hakijaribu hata kidogo, kinakubandikia kialama cha kijivu na kuendelea kuimba. Na kwa jina la faili huwezi kuzitofautisha, zote zinaishia na .jpg. Ile programu yangu ya simu ilikuwa inahifadhi kwa mtindo huo wa pili, ndiyo maana kupunguza peke yake hakukusaidia.

Baada ya hapo kazi ikawa ya mkono tu. Kwa kila albamu natoa kava kwa Mp3tag (bonyeza picha kwa kitufe cha kulia, utaona pa kuitoa kama faili), naifungua Paint, naishusha hadi pikseli 500, naihifadhi. Kisha nachagua nyimbo zote za albamu hiyo, nafuta kava ya zamani, naburuta mpya, nahifadhi kwa Ctrl na S. Kufuta kwanza usikuruke: usipofuta, wimbo unabaki na kava mbili, na kifaa kinaweza kuishika ileile mbovu. Na nafasi imeokoka pia. Kuna albamu ya nyimbo 12 ambayo kila wimbo ulibeba picha ya MB 1.5, yaani MB 18 za picha moja iliyorudiwa! Sasa zote 12 hazifiki hata MB moja.

Kosa kubwa nililifanya mwenyewe. Siku ya pili, usingizi umenishika, nikabonyeza Ctrl na A (kuchagua zote) nikidhani niko ndani ya albamu moja, kumbe nimefungua folda nzima. Nikahifadhi. Kaswida zote zikapata kava ya bendi ya dansi, mwanamume ameshika gitaa na shati limefunguliwa vifungo. Bahati nyimbo zilikuwa bado zina nakala kwenye laptopu. Weka nakala kwanza, tafadhali.

Zilizobaki zilikuwa taarabu za kanda za Mama, ambazo mtandaoni sikupata kava zake. Nilizipiga picha kava za karatasi barazani saa nne asubuhi, kivulini, maana jua likipiga lile plastiki picha inang'aa yote. Kava ya kanda ni ndefu kama mlango, na kifaa kinataka mraba. Nikakata nikabakiza uso wa mwimbaji. Kazi ya siku mbili, na hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Programu naipa tano kwa tano. Kicheza muziki nakipa tatu, maana sauti yake nzuri ila kwa picha ni mkaidi.

Jumapili nikamkabidhi Mama kadi. Akabonyeza, akacheka alipoiona kanda yake ya kijani, akabonyeza tena, kisha akasimama. "Na yule wa nembo ya njano umempeleka wapi?"

Nembo ya njano ni ya tovuti moja ya kupakulia nyimbo, iliyojibandika kwenye nyimbo tisa pamoja na namba yao ya simu. Nilikuwa nimeifuta kwa furaha kabisa, nikaweka kava halisi ya albamu.

"Mama, ile ilikuwa tangazo."

"Mimi ndiyo ninayoijua."

Nimeirudisha. Pikseli 500, JPEG ya kawaida.