Hurricane ya boksi kuukuu: miezi mitatu ya msasa, tina na chupa ya maji

Nianze na bei, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la kila mgeni anayeiona kabatini. Boksi hili la modeli ya kuunganisha ya Hawker Hurricane, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, kipimo cha 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli), lilinigharimu pauni 7 kwa muuzaji wa mitumba huko Uingereza. Binamu yangu anayeishi Leicester alilitia kwenye begi lake alipokuja Mombasa Desemba. Kwa hela zetu ni kama shilingi 1,200. Kalibu zake ni za miaka ya 1970, na jina la kampuni silitaji, maana kasoro nitakazozieleza utazikuta kwenye modeli nyingi za enzi ile.

Kwa nini Hurricane, na si Spitfire ambayo kila mtu anaijua? Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana Malindi, Oktoba 1940, ndege za Waitalia zilipokuja kuudondoshea mji mabomu. Mngurumo ule alitusimulia mpaka uzeeni. Nikiwa mdogo nilimwuliza kama hakukuwa na ndege za kuwafukuza, naye hakuwa na jibu. Jibu nililipata ukubwani: wakati ule zilikuwa chache mno, lakini katika miezi iliyofuata Hurricane za Skwadroni ya 3 ya Afrika Kusini ziliruka kutoka viwanja vya Kenya na kuwafuata Waitalia mpaka Somalia na Ethiopia.

Katika vita hivyo kuna kisa kimoja ambacho ndicho hasa kilichonifanya nilitafute boksi hili. Tarehe 15 Machi 1941, Kapteni John Frost alikuwa akishambulia uwanja wa ndege wa Dire Dawa, Ethiopia. Ndege yake ikapigwa, akalazimika kuitua palepale kwenye ardhi ya adui. Mwenzake, Luteni Bob Kershaw, akashuka na Hurricane yake akatua karibu naye huku risasi zikiendelea. Frost akakimbia, akapanda, akakaa mapajani mwa Kershaw kwenye kiti kilichotengenezwa kwa mtu mmoja, wakaruka wote wawili. Kershaw alitunukiwa DSO, nishani ya kijeshi ya Uingereza. Frost aliendelea kupigana hadi Juni 1942, akapotea katika mapigano ya jangwa la Afrika Kaskazini.

Basi mimi nilitaka ndege yenye chumba cha rubani kinachoweza kuonyesha watu wawili wamepakatana. Nikafungua boksi. Hakuna kiti. Hakuna sakafu. Hakuna hata ubao wa saa za rubani. Kuna vijiti viwili vinavyotokeza kwenye kuta za ndani, na rubani mmoja mnene wa plastiki ambaye unatakiwa umtundike hapo kwa mabega, miguu ikining'inia hewani.

Kabla sijagusa chochote nilichukua rula. Hurricane ya kweli ilikuwa na upana wa mita 12.19 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, kwa hiyo kwa kipimo cha 1/72 inatakiwa iwe sentimita 16.9. Ya kwangu ni 16.8. Nundu ya mgongoni nyuma ya rubani iko mahali pake, usukani wa mkiani una mviringo wake, na mabawa yamekaa sawa: sehemu ya katikati ni bapa kabisa, kisha ile ya nje ndiyo inayoinuka. Hapo nilijua pesa yangu haikupotea. Umbo likiwa limekosewa, huna la kufanya. Vilivyobaki vyote hurekebishika, na hivyo ndivyo vilivyonichukua miezi mitatu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kitambaa. Nusu ya nyuma ya Hurricane haikuwa bati. Sydney Camm na wenzake wa Hawker waliiunda kama ndege zao za zamani zenye mabawa mawili-mawili: mabomba ya chuma, juu yake fito za mbao, na juu ya fito kitambaa kilichopakwa dawa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Ndiyo sababu tundu la risasi mkiani lingeweza kuzibwa kwa kiraka na ndege ikarudi kazini. Waliochonga kalibu ya boksi langu walikijua kisa hicho, ila walikieleza kwa kelele: kiwiliwili kizima cha nyuma kina mikwaruzo kama gunia la mahindi. Kitambaa kilichokazwa huwa laini. Kinachoonekana ni migongo ya fito tu, tena kwa mbali. Nilisugua kwa msasa wa maji namba 600, kisha 1000, nikiufuata urefu wa fito na kamwe si kuukata, mpaka gunia likaisha na fito zikabaki. Hii peke yake ilibadilisha modeli kuliko jambo jingine lolote nililolifanya. Ukiwa na siku moja tu ya kuishughulikia modeli ya namna hii, siku hiyo ipe mkia.

Mabawa yalikuwa na ukingo wa nyuma mnene kama kucha. Usiusugue kwa nje. Tandaza karatasi ya msasa kwenye kioo au kigae, ulaze upande wa ndani wa kila nusu juu yake, uzungushe taratibu mpaka ukingo uwe mwembamba, ndipo uunganishe nusu mbili. Riveti zilizotuna nazo nilizifuta zote.

Sasa gundi. Gundi maalumu ya modeli haikuweza kuja kwa ndege kwa sababu inashika moto, na hapa mjini sikuipata. Nilitumia tina ya rangi za magari, ile ya seluloosi, kutoka duka la rangi Mwembe Tayari. Unabana vipande viwili pamoja, unagusisha brashi nyembamba yenye tina kwenye mshono, na tina inajivuta yenyewe ndani na kuyeyusha plastiki ikashikana. Tone moja likizidi unapata kovu, na dirisha lazima liwe wazi, kwa kuwa mvuke wake si wa kuchezea. Gundi ya mabomba ya maji nakusihi uiache. Niliijaribu kwenye kipande cha fremu, yaani vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande vya modeli ndani ya boksi, kikaharibika mbele ya macho yangu. Mianya iliyobaki pale bawa linapokutana na kiwiliwili, na ilikuwa mipana kiasi cha kupitisha kadi ya benki, niliijaza kwa uji wa plastiki: vipande vya fremu vilivyokatwakatwa na kuachwa kwenye tina usiku kucha ndani ya kichupa cha kioo. Uji huu hunywea ukikauka, kwa hiyo jaza kupita kiasi na usubiri siku nne kabla ya kushika msasa.

Kwenye chumba cha rubani nilikaa mwezi mzima na sijutii hata jioni moja. Vikombe vya mtindi vyenye namba 6 ndani ya pembetatu chini yake ni plastiki jamii ileile ya modeli, vinashika kwa tina, na unene wake ni mzuri kwa kiti na kuta. Mabomba ya ndani niliyavuta kutoka kwenye fremu. Unakizungusha kijiti juu ya mshumaa mpaka kilainike na kuanza kung'aa, unakitoa motoni, unatulia kidogo, halafu unavuta. Ukivuta polepole unapata bomba. Ukivuta haraka unapata uzi wa antena. Mikanda ya kiti ni vipande vya tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Ubao wa saa niliupaka weusi, nikachora kila duara kwa ncha ya sindano mpaka weupe wa plastiki ukajitokeza chini ya rangi. Chumba chote kina upana wa kama sentimita moja, na bado, ukikitazama kupitia lenzi, unaona pa kukaa mtu.

Lakini kupitia kioo cha kumfunika rubani kilichokuja na boksi usingeona kitu. Kilikuwa kinene na kimejaa mawimbi, kama kitako cha glasi. Hapa ndipo chupa ya maji ilipoingia. Nilichonga umbo la kioo kwa kipande cha mti wa mwembe, nikalisugua mpaka likawa laini kabisa, kwa sababu kila mkwaruzo wa mti huhamia kwenye plastiki. Nikaliingiza ndani ya chupa iliyokatwa, nikazungusha chupa juu ya jiko la gesi, mbali na ulimi wa moto. Plastiki ya chupa ikipata joto hujikunja na kulivaa umbo. Mara ya kwanza ilitoboka, ya pili ikapata ukungu kwa joto kupita kiasi, ya tatu ikatoka safi, nyembamba, angavu. Fremu za kioo, ambazo kwenye Hurricane ni nyingi kweli, ni vijitepu vilivyopakwa rangi kwanza kisha vikabandikwa kimoja kimoja.

Stika za maji, yaani alama za ndege unazolowesha ili ziteleze kutoka kwenye karatasi yake, zilikuwa zimekuwa manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Nilizitia kwenye mfuko wa plastiki nikazibandika kwenye dirisha la mashariki kwa wiki mbili, na jua la Mombasa likazing'arisha. Kisha nikalowesha moja ya majaribio: ikavunjika vipande kumi na kitu. Zilizobaki nilizipuliza varnishi kwanza, nikaacha zikauke siku mbili, nikazikata karibu na ukingo, na hizo zote zikateleza vizuri. Tone la siki nyeupe lilizilainisha zikalala juu ya migongo ya fito. Alama za boksi ni za Waingereza, zenye nyekundu katikati ya duara. Jeshi la anga la Afrika Kusini liliweka rangi ya chungwa pale penye nyekundu, kwa hiyo hapo nilipaka kwa mkono.

Kuhusu rangi sina mengi. Praima ya magari ya kopo, ukipuliza karibu, inaweza kula plastiki. Pulizia mbali na kwa tabaka nyembamba, na ujaribu kwenye fremu kwanza. Hudhurungi ya udongo na kijani kibichi cha juu nilizichanganya kwa akriliki za wachoraji na kupaka kwa brashi bapa. Varnishi ya mwisho nilipuliza jioni ya mvua, ikafanya utando mweupe kwa unyevu wa hewa. Nilirudia adhuhuri ya siku kavu, utando ukaondoka.

Kama unataka ndege ya kukamilisha wikendi moja, boksi la namna hii usinunue. Ongeza pesa upate la kisasa, vipande vyake vinaingiana na kiti kimo ndani. Mtoto pia usimpe, kwa sababu ya tina. Lakini kama una subira ya mikono na ungependa kujua ndege ilivyojengwa kuliko maagizo yoyote yanavyoweza kukuambia, nalisifu bila kusita. Sikuwa najua Hurricane ilikuwa na mifupa mpaka nilipolazimika kuitengeneza mwenyewe kutoka kwenye kijiti cha moto.

Kioo sijakigundisha bado. Binamu amenipatia boksi la pili kwa pauni 9, atakuja nalo Aprili. Kiwiliwili cha boksi hilo kitakuwa ndege ya Frost, imelala kwenye vumbi la Dire Dawa, na rubani wa plastiki wa boksi hilohilo atakuwa Kershaw, akae kwenye kiti cha kikombe cha mtindi ndani ya ndege hii ya kwanza. Rubani wa boksi la kwanza nimeshamkata magoti na kumpinda, nimempunguza unene, nimempaka rangi. Huyu ndiye Frost. Kwa sasa amelala ndani ya kizibo cha chupa juu ya meza, anangoja mapaja ya kukalia.