Testa ya balbu au mita: ushike ipi taa ya gari ikigoma?

Karibuni, watazamaji. Leo tuna vifaa viwili mezani: testa ya balbu, yaani ile yenye ncha kama sindano na waya wenye klipu, na mita ya dijitali. Vyote vinapima umeme, lakini kila kimoja kina ugonjwa wake kinaoujua.

Tazameni soketi hii ya balbu ya H4, aina ya balbu ya taa ya mbele. Waya wake umeliwa na kutu ya kijani kwenye kiungo. Naweka mita: volti 12.5. Ukiiamini namba hiyo, utanunua balbu mpya, na haitawaka vilevile. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo hata kiungo kilichooza kinaweza kuilisha. Sasa naweka testa yenye balbu ya wati 5. Mmeona inavyowaka kwa unyonge? Umeme upo, nguvu hakuna. Ndiyo maana taa ikiwa haiwaki kabisa, mimi naanza na testa.

Lakini iwe ya balbu ya uzi. Testa za LED zinawaka hata kwa umeme kidogo sana, zitakudanganya kama mita. Kabla ya kupima, igusishe kwenye betri uhakikishe yenyewe ni nzima.

Washa taa, klipu ikiwa kwenye hasi ya betri, uanze na fyuzi. Juu ya fyuzi bapa kuna vidoa viwili vya chuma. Testa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja, imeungua. Isipowaka popote, umeme haujafika hapo, rudi nyuma. Kwenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, namba 30 ndiyo inayoleta umeme, 87 inaupeleka kwenye taa, na 85 na 86 ni za koili inayoivuta swichi hiyo. Chomoa rilei, unganisha 30 na 87 kwa waya wenye fyuzi yake. Taa ikiwaka, tafuta kosa kwenye rilei yenyewe au upande wa koili na swichi.

Hapa wengi hupotea: baadhi ya magari, hasa ya Kijapani, swichi ya taa za mbele inakata upande wa hasi, na chanya iko kwenye taa muda wote. Kwa upande huo, klipu ya testa ifungwe kwenye chanya ya betri.

Sasa, taa inawaka ila imefifia. Hapo testa haitoshi. Dimu, yaani mwanga wa chini wa taa ya mbele, ya wati 55 inavuta karibu ampea 4.6, wakati testa yetu inavuta kama 0.4 tu, kwa hiyo kasoro ndogo haiioni. Chukua mita, weka kwenye volti za DC. Balbu ibaki mahali pake, taa ziwake, injini ingurume. Waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye pini ya hasi ya balbu, ukiingilia nyuma ya soketi. Chini ya volti 0.2 ni salama. Ikifika 0.5 au zaidi, ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari, ni mbovu. Fungua boliti yake, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Upande wa chanya pima hivyohivyo, kutoka chanya ya betri hadi chanya ya balbu. Msidharau volti moja: balbu ya halojeni ikipungukiwa volti kwa asilimia 10, mwanga hushuka kwa karibu asilimia 30.

Taa za nyuma nazo zina dalili yake. Ukikanyaga breki na indiketa ikawaka kidogo, ethi imekatika na umeme unatafuta njia kupitia uzi wa balbu nyingine. Usibadilishe balbu hapo.

Testa ya uzi msiiguse kabisa kwenye nyaya za njano za mifuko ya hewa, wala nyaya za kompyuta ya gari. Na msitoboe ganda la waya: maji yataingia, kutu itafuata.

Ukinunua testa, tafuta yenye balbu inayobadilishika, ncha nyembamba na waya usiopungua mita moja na nusu. Na ukikuta plastiki ya soketi imeyeyuka, badilisha soketi pamoja na vipande vya waya vilivyoungua, kwa unene uleule. Balbu mpya kwenye soketi iliyolegea itaiyeyusha tena.