Uzoefu wangu na ddrescue na TestDisk: kuokoa mafaili kwenye diski inayogonga

Nina steshenari Mtwara mjini. Kazi zangu ni kuchapa, kutoa kopi, kupiga pasipoti na, watu walivyonizoea, kuokoa mafaili. Safari hii kazi ililetwa na katibu wa chama cha msingi cha korosho kutoka upande wa Newala. Laptopu yake ilirushwarushwa sana kwenye bodaboda, ikawa inawaka mpaka nembo ya Windows halafu inagoma. Ukisogeza sikio unasikia diski inagonga, tik, tik, inatulia kidogo, inagonga tena. Humo ndani mlikuwa na uzani wa korosho za kila mkulima.

"Mwanangu, hayo yakipotea mimi kijijini sirudi."

"Tulia mzee, ila usiiwashe tena."

Kuna fundi alishamshauri apige Windows upya. Hapo angezikwa kabisa, maana Windows mpya inaandikwa juu ya yale yale unayoyatafuta. Hata ile ofa ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski ikatae: diski inayokufa haitaki kusuguliwa.

Nilichomoa diski, nikaiunganisha kwa adapta ya USB kwenye kompyuta yangu iliyowashwa na Linux ya kwenye flashi, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Nikaanza na ddrescue, programu ya bure ambayo kazi yake ni moja tu: kunakili diski yote, sekta kwa sekta (vipande vidogo vya diski), kwenda kwenye diski nyingine isiyo mbovu yenye nafasi ya kutosha. Uzuri wake ni kwamba haing'ang'anii pabovu. Inabeba kwanza sehemu zinazosomeka vizuri, palipo na shida inaparuka, kisha inarudi baadaye kubangua kilichobaki. Mzunguko wa kwanza naupa alama ya -n ili isianze mapema kukwangua sekta mbovu.

Kilichonifanya niipende zaidi ni faili lake dogo la ramani, linaloandika wapi pameshasomwa na wapi bado. Tumekalia gesi ya Mnazi Bay lakini umeme unakatika vilevile, na ulikatika kazi ikiwa katikati. Uliporudi nikaandika amri ile ile, ikaendelea ilipoishia. Programu nyingine ingenirudisha sifuri.

Ila ina ukali wake. Hakuna vitufe, ni skrini nyeusi na maandishi ya Kiingereza. Ukichanganya sdb na sdc, majina ambayo Linux inazipa diski, diski tupu inaweza kuandikwa juu ya ile yenye mali. Mimi huangalia ukubwa na jina la diski kwanza, ndipo nabonyeza Enter.

Nakala ilipokamilika, pakiwa na mapengo machache, diski ya mzee nikaiweka pembeni. Msako wote ukafanyika kwenye nakala kwa TestDisk, programu ya kutafuta mafaili yaliyopotea, nayo ya bure. Unabonyeza P, mafolda yanatokea na majina yake, unachagua, unabonyeza C kubwa kuyanakili. Folda la msimu likatoka na karibu kila kitu. Faili moja la Excel lilikataa kufunguka, na hapo sikumdanganya mzee: xlsx ni kifurushi kilichobanwa, likitoboka padogo laweza kugoma lote. Kwa bahati alikuwa na daftari la mwezi ule.

PhotoRec inakuja pamoja na TestDisk, lakini naiacha iwe ya mwisho. Inatambua faili kwa umbile la ndani, kwa hiyo picha inazitoa vizuri ila majina ya awali mara nyingi yanapotea. Kwa picha za harusi sawa. Kwa hesabu za ushirika utalia.

Programu hizi zote hazisaidii diski isiyotambulika kabisa au inayogonga mfululizo tangu inapowashwa. Hiyo vichwa vyake vya kusomea huenda vimekufa, ipelekwe kwa wenye chumba kisicho na vumbi. Usiifungue mezani, wala usiiweke kwenye friza kama wanavyoshauriana mitaani. Kwa unyevu wetu wa pwani itatoka imeloa. Na kwa SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, ukishafuta faili na TRIM (amri inayoiambia SSD isafishe nafasi ya faili lililofutwa) ikiwa imewashwa, mara nyingi hakuna cha kuokoa. Wateja wa namna hiyo nawaambia mapema, hata pesa ya kuangalia sichukui.