Niliandika kabisa "krisanthemamu msiweke", wakaweka krisanthemamu

Jamani hii huduma ya kuagiza maua mtandaoni nishaitumia huko nyuma na sikuwahi kulalamika, ila ya juzi juzi imenikaa rohoni na sinyamazi. Nina mwenzangu kazini, mtu wa Italia, alifanyiwa upasuaji mkubwa karudi nyumbani lakini bado yuko kitandani. Nikasema nimpelekee maua, na mi maua sichagui kwa kuangalia picha ipi inapendeza, nakaa nafikiria kwanza nani anapokea, yuko kwenye hali gani, na kwao hilo ua wanalipeleka wapi. Nikachagua alizeti na mawaridi ya njano. Alizeti ni ua changamfu, na halina harufu kali ya kumsumbua mgonjwa kama yungiyungi. Mawaridi ya njano zamani Ulaya watu walisema ni ya wivu, siku hizi ni ya urafiki, na huyu ni rafiki yangu hasa. Halafu kwenye kile kisanduku cha maelekezo nikaandika wazi kabisa: alizeti zikikosekana nipigieni simu, na tafadhali krisanthemamu msiweke.

Kilichofika ni krisanthemamu nyeupe. Shada zima limejaa hizo, mawaridi machache tu yamebanwa pembeni.

Sasa kwa asiyejua, Italia krisanthemamu ni ua la makaburini. Tarehe 1 na 2 Novemba watu wanaenda kwenye makaburi ya wapendwa wao na ua wanalobeba ndilo hilo, Ufaransa na Ubelgiji vilevile. Fikiria mtu katoka kupasuliwa, bado anasubiri majibu ya daktari, hajui hatima yake, mlango unagongwa anakabidhiwa ua la kaburini na kadi ina jina langu! Alinipigia kunishukuru kwa upole wake wote, halafu akauliza taratibu kama ni mimi niliyeyachagua. Aisee nilikosa pa kujificha.

Nikapiga simu dukani kwao. Yule dada aliyepokea hata pole hakunipa, eti "Dada, maua ni maua, alizeti ziliisha tukakuwekea mengine tena mengi zaidi." Nikamweleza habari ya Italia akanikata katikati, "Sasa sisi tutajuaje mambo ya kila nchi?" Nikamwambia hamkutakiwa kujua chochote, niliwaandikia! Akanyamaza kidogo, kisha akasema yale maelekezo yanaenda kwa watu wa delivari, wanaopanga maua huwa hawayaoni. Yaani wanakuwekea sehemu ya kuandika, unaandika kwa moyo wako wote, na mwenye mkasi mkononi hasomi.

Maua ni maua? Mtu anayekula kupitia maua anasema hivyo? Mwaka 1819 Paris kilitoka kitabu kizima cha kueleza kila ua linasema nini, Waingereza nao wakalivalia njuga jambo hilo karne yote ile, wapenzi wakawa wanatumiana ujumbe ambao hauwezi kusemwa mbele za watu. Urusi mpaka leo ukimpelekea mtu aliye hai maua unahesabu yasiwe shufwa, shufwa ni ya msiba. Na mi sisemi krisanthemamu ni ua baya, Japani ndilo nembo ya familia ya mfalme wao, ila hata hukohuko hizo nyeupe utazikuta msibani. Ndiyo maana huwezi kubadilisha ua moja kwa lingine kimyakimya kama unabadilisha karatasi ya kufungia.

Tena wakati mwingine hata maana za vitabuni hazihusiki, anahusika mtu mwenyewe. Anna Jarvis, yule Mmarekani aliyeanzisha Siku ya Mama, mwaka 1908 alipeleka karnesheni nyeupe 500 kanisani Grafton, West Virginia, kwa sababu moja tu, mama yake mzazi alizipenda. Sasa niambie duka lingemwekea kitu kingine pale, lingekuwa limemfanyia nini? Baadaye Anna mwenyewe aligombana sana na wafanyabiashara wa maua kwa jinsi walivyoigeuza siku hiyo kuwa ya kuvunia hela, na baada ya simu ile namwelewa kabisa.

Haya, haki yao niwape. Maua yenyewe yalikuwa mabichi, yamefungwa vizuri, na kijana wa delivari alifika kwa muda, akasalimia vizuri, akamuuliza mgonjwa kama amtilie maji kwenye chombo kwa vile alimwona hawezi kuinama. Huyo kijana ana utu kuliko ofisi nzima. Kwa hiyo nilikuwa nataka kutoa nyota tatu, na kama unampelekea mtu ambaye kwake ua lolote ni sawa, pengine utafurahi.

Lakini hapana. Kila nikikumbuka lile swali la mgonjwa nyota zinapungua. Ni moja, na hiyo moja ni ya yule kijana peke yake, duka halina kitu hapo. Kama utawatumia hata hivyo, usitegemee kisanduku, piga simu uombe kuongea na anayepanga mwenyewe, na mwambie akutumie picha ya shada kabla halijatoka mlangoni, akikataa omba hela yako hapohapo. Mimi alizeti nilienda kununua kwingine nikazipeleka kwa mkono wangu. Hela yangu hawajarudisha mpaka leo, wamenitumia kuponi ya punguzo kwa oda ijayo, na kwenye hiyo kuponi wameweka picha ya krisanthemamu.