Space Invaders kwenye simu: ya zamani, bado kali

Gemu hii ya Taito, kampuni ya Japani, iliyobuniwa na Tomohiro Nishikado mwaka 1978, bado inashinda nyingi za leo. Viumbe 55 wa anga za juu hushuka kwa safu 5 za 11, nawe huwapiga kwa mzinga ulio chini. Utamu uko kwenye kasi: ukiwapunguza, waliobaki huongeza mbio, kwa sababu mashine ya awali ilibaki na wachache wa kuchora. Yule wa mwisho ndiye hatari kuliko wote.

Anza na nguzo za pembeni, yaani mistari ya wima. Kundi likiwa jembamba huchelewa kufika ukingoni, na ukingoni ndipo linaposhuka hatua. Risasi yako ni moja tu hewani, basi usifyatue ovyo. Katika matoleo yanayofuata mashine ya awali, chombo kinachopita juu hutoa pointi 300 kwa risasi ya 23, kisha kila ya 15. Hesabu hata zilizokosa.

Udhaifu ni kioo. Hakuna kitufe halisi cha kuhisi kwa kidole, na joto la Mombasa hulowesha gumba kwa jasho, mzinga ukakwama katikati ya mvua ya risasi. Futa kioo, zima arifa. Kwenye feri ya Likoni mchana, tafuta kivuli: viumbe hawa wadogo hupotea juani.