Vishikwambi vya Darasani: Kipi Kianze, Kipi Kibaki Dukani

Ukijinunulia kishikwambi cha nyumbani, utaangalia wembamba, ung'avu wa skrini na kasi. Ukinunua 20 vya darasa, hayo yote yanashuka. Kifaa kitapita mikono mingi kwa siku moja, kitadondoka, kitachajiwa pamoja na wenzake, na mwalimu mmoja ndiye atakayevisimamia vyote huku somo likiendelea. Kwa hiyo nimevipanga kwa swali moja tu: kipi bado kitakuwa kinafundishia mwaka wa tatu?

Kwanza vipimo vya chini. Skrini iwe inchi 10 au zaidi, kwa sababu wanafunzi wawili watakaa mbele yake. Nami naona kifaa kimoja kwa wawili kinafaa kazi nyingi kuliko kila mtu na chake, maana wanalazimika kujadiliana kabla ya kubonyeza. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, isipungue GB 4, hifadhi GB 64, na chaji iwe ya USB-C.

Kisha tundu la hedifoni, ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Chukua zoezi la kusoma kwa sauti: mtoto anajirekodi akisoma aya, anajisikiliza, anagundua neno aliloliruka, anarudia. Sijui zoezi la lugha linaloitendea haki kamera na maikrofoni ya kishikwambi kuliko hilo. Hedifoni za waya za bei ya chini zinalitosha kabisa. Za Bluetooth zikiwa 20 chumba kimoja, orodha ya kuunganisha inajaa majina yanayofanana, na mtoto aliye dirishani anasikia usomaji wa aliye mlangoni. Dakika 10 za kipindi zimekwenda.

1. Android ya inchi 10 au 11 kutoka kampuni kubwa

Mfano wangu ni Samsung Galaxy Tab A9+ ya mwaka 2023: inchi 11, tundu la hedifoni lipo, nafasi ya kadi ya memori ipo. Lenovo nao wana vishikwambi vya daraja hili. Nimeviweka juu kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kadi ya memori na uhuru wa kuingiza mafaili. Programu ya Kiwix hubeba Wikipedia nzima ndani ya faili moja, ikiwemo ya Kiswahili, na husomeka bila intaneti. Kolibri, programu ya masomo, huwekwa kwenye kompyuta moja, kisha vishikwambi vyote vinaifikia kwa Wi-Fi ya darasani bila hata bando. Kwa wanaoanza kusoma, programu za onebillion na Kitkit School, zilizogawana ushindi wa shindano la Global Learning XPRIZE mwaka 2019, zilitengenezwa kwa Android zikiwa na Kiswahili, na misimbo yake ikaachwa wazi kwa yeyote kuitumia.

Ya pili ni fundi. Kioo cha kifaa kinachouzwa kwa wingi hupatikana, na fundi anayekijua pia hupatikana. Kabla ya kulipa, muulize fundi wako kioo kitakuwa bei gani.

2. iPad ya kawaida

Si Pro wala Air, ile ya kawaida inatosha. Toleo la 2025 linaanzia GB 128. Programu za kuchora, kuhariri video na muziki ni nzuri mno, na kamera ya mwendo wa polepole inabadilisha somo la fizikia: rekodi video ya pendulamu ikibembea, kisha wanafunzi waisogeze picha kwa picha hadi waone inapokwenda kasi zaidi. Mpangilio wa Guided Access humfungia mtoto ndani ya programu moja, nayo hutumika vizuri sana.

Kilichoishusha ni kwamba toleo la 2022 na yaliyofuata hayana tundu la hedifoni, hayana nafasi ya kadi, na kila kifaa kina mtumiaji mmoja. Kugawana kwa akaunti tofauti kunahitaji shule isajiliwe Apple School Manager, huduma ya Apple kwa shule, na iwe na programu ya kusimamia vifaa. Huduma hiyo haipo kila nchi, basi ihakikishe kwanza. Shule yenye mtu wa teknolojia ya habari, au inayofundisha sanaa kwa uzito, iipandishe hadi namba moja.

3. Chromebook yenye kibodi inayochomoka

Chromebook ni kompyuta inayotumia mfumo wa Google, ChromeOS; Lenovo Duet ni mfano. Wanafunzi wakubwa wanaoandika insha na ripoti wanahitaji kibodi, na kuandika kurasa tatu kwenye kioo ni mateso. Mwaka 2023 Google ilitangaza masasisho ya miaka 10, lakini miaka hiyo haihesabiwi tangu siku unayonunua. Tafuta tarehe ya mwisho wa masasisho kabla hujanunua ya punguzo.

4. Samsung Galaxy Tab Active5

Haiingii maji, kalamu imo, betri inatolewa kwa mkono. Skrini ni inchi 8 tu na bei iko juu. Inafaa vikundi vinavyopima maji ya mto au kuhesabu wadudu shambani.

5. Amazon Fire

Bei nzuri, ila haiji na Google Play. Nunua tu kama programu zako zote zipo kwenye duka la Amazon.

Visivyo na jina, vinavyotangaza RAM kubwa kwa bei ya kutupa, viache. Mara nyingi sehemu ya RAM hiyo ni hifadhi tu iliyohesabiwa juu yake.

Tenga fungu la kava ngumu, nyaya za akiba na kabati la kuchajia. Vishikwambi 40 vikivuta wati 15 kila kimoja ni wati 600 kwa pamoja, hivyo fundi umeme akague soketi kwanza. Likizo ndefu ikifika, vihifadhi vikiwa na chaji karibu nusu, mahali pasipo joto. Kifaa ambacho skrini imeanza kuinuka kina betri iliyovimba: kitoe darasani siku hiyo hiyo, wala usikichomeke tena.